Wale wa Mafuta Matupu

Theopista alipata kazi ya sungura kwa sababu ya sukari.

Mwaka huo, sabini na nne, sukari ilifika kijijini mara moja kwa mwezi, ikiletwa na lori kutoka Bukoba, na siku ya lori watu waliosali kanisa moja walitazamana kama majogoo. Mizani ya duka la kijiji ilikuwa imekufa tangu mwaka uliopita. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Rugaibula, akaona fitina itamla, akamkabidhi Theopista kazi ya kugawa. Huyu alikuwa mjane wa miaka hamsini na ushee, mwenye kibanja kidogo cha migomba na maneno machache. Alipima kwa kikombe cha bati, akakwangua juu kwa ubapa wa kisu, na punje zilizodondokea kwenye gazeti akazikusanya akazigawa nazo. Uwe balozi wa nyumba kumi, uwe mlevi wa lubisi, pombe ya ndizi, ulipata kilekile. Miezi sita ilipita bila mtu kulalamika, jambo ambalo kwa Wahaya ni jirani na muujiza.

Basi Daktari Mushumbusi alipoteremka kutoka hospitali ya misheni kilimani kuuliza kama kijiji kina mtu mwaminifu wa kutunza sungura wake, Mzee Rugaibula hakufikiri mara mbili. Alisema anaye mtu ambaye hata mchwa angemgawia haki yake. Daktari akacheka, akamchukua. Hakujua kwamba alikuwa amechukua hasa yule mtu ambaye hakupaswa kumchukua.

Daktari huyu alikuwa mwenyeji wa Rubafu, mwembamba, amesoma ng'ambo akarudi, na tangu Mzungu aliyekuwa naye aende likizo asirudi, alikuwa peke yake kwa wagonjwa wa kata nne. Alizalisha, alipasua, alitibu malaria, na jioni aliandika barua kuomba vitu ambavyo havikuja. Lakini kilichomkosesha raha kuliko vyote kilikuwa ugonjwa mmoja wa watoto. Mama angekuja na mtoto wa miaka miwili au mitatu, akisema kwamba jioni, taa ikimpiga, jicho la mtoto linawaka jeupe kama la paka. Huko ndani mlikuwa na kansa. Dawa yake ilikuwa kulitoa jicho, na kulitoa mapema, kabla ugonjwa haujafuata mshipa ukaingia kwenye ubongo.

Mmoja wa watoto hao alikuwa Kokubanza, mjukuu wa Theopista, mtoto wa binti yake Joviana. Jicho lake la kushoto lilitolewa mwezi wa pili, mwaka uliofuata.

Siku hiyohiyo daktari alichukua uvimbe uliotoka kwenye jicho lile, akaukata vipande vidogo kuliko punje ya mtama, akavipandikiza kwenye macho ya sungura kumi na sita, kila mmoja jicho moja, nyuma ya kile kioo cha mbele. Aliwachoma na sindano ya kuilegeza miili yao, isiukatae uvimbe wa watu. Kisha akamweleza Theopista bila kumficha. Theopista alisikiliza, akaitikia kwa heshima ya Kihaya, "Waitu Daktari," akaenda kukata majani ya viazi. Lakini tangu siku ile hakuweza kuwatazama wanyama wale kama mboga. Ugonjwa wa mjukuu wake ulikuwa ndani ya vichwa kumi na sita vyenye masikio marefu, na asubuhi akifungua banda wote walimgeukia kwa pamoja.

Dawa yenyewe ilikuja kwa posta kutoka Ulaya, imefukiwa ndani ya pamba, haina jina, ina namba tu. Daktari alimweleza kwamba jua likiupiga mwili, mwili hutengeneza kitu kinachotembea kwenye damu kama tarishi wa serikali, kikipeleka amri: mifupa ikaze, nyama fulani iache kukua. Matarishi wa namna hiyo huitwa homoni. Sasa wataalamu walikuwa wametengeneza wa bandia aliyefanana na yule wa jua, na daktari alitaka kuona kama anaweza kuuamuru uvimbe wa jicho usimame. Theopista aliuliza kama uvimbe unajua kusoma barua. Daktari akasema hilo ndilo swali lenyewe.

Sungura wanane walipakwa rangi nyekundu sikioni, wanane rangi ya buluu, na kila mmoja akapewa namba. Kulikuwa na chupa mbili za kahawia. Chupa ya karatasi nyekundu ilikuwa na dawa ndani ya mafuta ya karanga. Chupa ya buluu ilikuwa na mafuta ya karanga matupu. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kila sungura matone matatu mdomoni, mwekundu kwa chupa nyekundu, wa buluu kwa chupa ya buluu. Usibadilishe, alisema daktari. Alichosahau ni kumwambia kwa nini. Naye Theopista hakuuliza, maana kwao kumuuliza mtu mkubwa "kwa nini" ni kama kumwambia usoni kwamba humwamini.

Majuma mawili alifanya alivyoagizwa, na moyo ukimsuta kila mara alipofika upande wa buluu. Aliyaonja yale mafuta kwa ncha ya ulimi. Yalikuwa mafuta ya karanga, ya kukaangia. Aliwadondoshea wale wanane huku akikwepa kuwatazama, kama mtu anayemkaribisha mgeni mezani kisha akamwekea sahani isiyo na kitu.

Juma la tatu mambo yaliharibika pande zote. Wale wekundu walianza kunywa maji kupita kiasi, wakayaacha majani, wakakonda mpaka mgongo ukahesabika. Namba nne akafa. Daktari alimpasua, akakuta figo zimejaa chokaa. Akasema dawa ya namna hii ikizidi huujaza mwili chokaa, akaandika jambo hilo kwenye daftari lake, akaitwa wodi ya wazazi na hakurudi siku mbili. Upande wa pili wale wa buluu walikuwa wanene, wanakula vizuri, lakini macho yao yalikuwa yakijaa utando mweupe, kila siku zaidi.

Theopista alikaa kwenye kigoda chake katikati ya banda, akatazama kulia, akatazama kushoto. Jambo hili alilijua. Aliliona dukani kabla hajapewa kikombe: huyu anaugua kwa kushiba, yule anaugua kwa kukosa, na vyote vimo ndani ya nyumba moja. Hata lubisi, kibuyu kimoja kikiwa kikali na kingine kimepooza, mwanamke mwenye akili huvichanganya, na wanywaji wote wakaenda nyumbani kwa miguu yao.

Ijumaa ile aliosha bakuli, akamimina chupa zote mbili ndani yake, akakoroga kwa kijiko mpaka akaridhika, akarudisha nusu huku na nusu kule. Mabaki ya bakuli aliyafuta kwa kidole, akamlambisha namba tisa aliyekuwa na jicho baya kuliko wote. Halikupotea hata tone. Hakumwambia mtu, wala si kwa kuficha. Kwake halikuwapo la kusema, maana aliyerekebisha mgao hapigi mbiu. Siku ile, kwa mara ya kwanza tangu apewe kazi, aliteremka kilima akiwa na furaha.

Na tuseme haki, mambo yakatulia. Wekundu wakarudia majani. Hakufa mwingine. Utando kwenye macho ya baadhi yao, pande zote mbili, ukaanza kurudi nyuma.

Juma la nne Joviana akaja kutoka mjini Bukoba, alikokuwa akiishi mtaa wa Bilele na mumewe. Alishuka kwenye basi na Kokubanza mgongoni, na kabla hajaketi akasema ameliona tena. Lile la kulia. Juzi jioni, taa ya chemli ikiwa mezani, jicho liliwaka.

Daktari alimulika, akatazama muda mrefu, akakiri kwamba ni kansa ileile. Uvimbe bado ulikuwa mdogo na mtoto alikuwa anaona vizuri. Mashine ya kuchoma kwa miale ilikuwapo Kampala, na Kampala ya siku zile haikuwa mahali pa kupeleka mtoto. Aliandika Nairobi, jibu lilikuwa kwamba asubiri, na kansa haijui kusubiri. Kisha akawaambia jambo ambalo baadaye, nadhani, alijuta kulisema. Angesubiri juma la nane awapime sungura. Kama wale wa dawa wangeonekana bora kuliko wale wa mafuta, angetuma namba hizo kwa wenye dawa na kwa wakubwa Dar es Salaam, aombe ruhusa ya kumjaribu Kokubanza kwa dozi ndogo kabla ya kisu. Bila namba hizo hakuwa na ruhusa, wala asingeithubutu mwenyewe. Joviana akaitikia kila neno, akahamia kwa mama yake. Theopista alisikia tu kwamba dawa ikiwafaa sungura, mtoto ataipata.

Yakafuata majuma manne marefu. Theopista aliamka alfajiri, akapalilia, akapika ndizi za ebitoke, akapanda kilima, akakata majani, akafagia banda, akashuka, akakuta binti yake ameketi palepale akimtazama mtoto machoni. Hawakusema mengi, kwa kuwa uchovu ulikuwa umewamaliza wote. Siku nyingine alimchukua Kokubanza bandani, mtoto akaketi mapajani mwake akishika majani, na chupa ikawa mkononi mwa bibi, mdomo wa mtoto uko pale, karibu kama ulivyo mdomo wa sungura. Matone matatu tu. Nani angejua? Alilifikiria hilo si mara moja. Kila mara alimwona namba nne amelala ubavu, na mkono ukarudi chini. Aliogopa, huo ndio ukweli, na woga wake aliuita busara.

Juma la nane daktari aliwapima kwa taa na kirula kidogo, asubuhi nzima, akiandika. Siku iliyofuata, Jumatatu, aliwaita Theopista na Joviana kwenye benchi la nje ya chumba chake. Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hajalala. Alisema katika wekundu saba waliobaki, uvimbe umepungua kwa wanne. Theopista akaanza kutabasamu. Akasema katika wa buluu wanane, umepungua kwa watano. Theopista akatabasamu wazi, akahesabu tisa, akamshika binti yake mkono.

"Ndiyo maana hatuna kitu," daktari alisema. "Wale ambao hawakupata dawa wamefanya vizuri sawa na waliopata. Maana yake dawa haifanyi kazi. Nitawaandikia hivyo. Tutalitoa jicho Alhamisi."

Joviana alianza kulia bila sauti. Theopista aliendelea kuketi huku tabasamu limemgandia usoni, akilirudia neno moja kichwani: hawakupata, hawakupata. Nani hawakupata? Lilimwingia polepole, kisha akalikumbuka bakuli. Binti yake alikuwa analia, na yeye hakuwa na nguvu ya kuongeza kilio juu ya kilio. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mjukuu wake alikuwa na miaka mitatu.

Jumanne asubuhi alipanda kilima kabla ya saa zake. Daktari alikuwa anakunywa uji amesimama.

"Waitu Daktari, ile barua imeondoka?"

"Inaondoka na basi la saa sita."

"Isiondoke. Wale wa buluu walipata dawa. Nilichanganya chupa, nikawagawia wote sawa."

Daktari aliweka kikombe chini. Theopista alingoja apigiwe kelele, na kwa kweli angefarijika.

"Kokubanza umempa?" daktari aliuliza.

"Hapana."

"Hata tone?"

"Hata tone."

Daktari alishusha pumzi, akavuta kiti, akamwonyesha Theopista kingine. Aliuliza siku, aliuliza kiasi, akaandika. Kisha akaifunga kalamu.

"Ma Theopista, wale wa mafuta matupu hatukuwa tumewanyima. Walikuwa mashahidi wangu. Asiyepewa ndiye anayetuambia kama aliyepewa amepona kwa dawa au amepona kwa bahati. Sasa mashahidi wote wamekula chungu kimoja na mshtakiwa."

"Lakini wamepungua. Tisa katika kumi na watano."

"Wamepungua. Labda ni dawa, na labda nusu yake ndiyo dozi nzuri, na wewe umeliona jambo ambalo mimi nisingeliona. Labda miili ya sungura imekataa uvimbe wa mtu, hutokea sana. Sijui. Nawe hujui. Hakuna mtu duniani anayejua."

Basi Theopista akamwomba. Hakuwa mtu wa kuomba, lakini siku ile aliomba kwa Kihaya na kwa Kiswahili, akisema ampe mtoto ile nusu, wanyama wameivumilia, atamshika yeye mwenyewe, lawama ziwe zake. Daktari alimwacha amalize. Akasema figo za namba nne zilikwaruza kisu kama mchanga, na figo za mtoto wa miaka mitatu ni ndogo. Akasema ili ajue lazima aanze upya, na chupa nyingine haiwezi kufika kabla ya mwezi wa kumi na mbili. Jicho halikuwa na muda huo. Lilikuwa na juma hili. Angekuwa na namba safi, hata za kusema dozi nzima ni mbaya, angekuwa na kitu cha kuombea. Hakuwa nacho.

Aliichana barua, akavuta karatasi nyingine. Theopista aliuliza kama bado ana kazi.

"Unayo. Kosa la kwanza ni langu. Nilikuambia ufanye nini, sikukuambia kwa nini." Akaandika tarehe juu ya karatasi, akakaa akiitazama. "Alhamisi saa mbili. Asile kitu asubuhi."

Jumatano Kokubanza aliamka akitaka sungura. Joviana alimleta bandani mwenyewe, akaketi kwenye kigoda cha mama yake, akamwacha mtoto asukume majani kwenye matundu ya wavu. Hapo ndipo Theopista alipomweleza, akiwa amesimama na fagio mkononi, toka bakuli mpaka barua iliyochanwa. Hakujitetea. Alieleza kama anavyoeleza mtu aliyevunja chungu cha jirani, vipande viko hapa, mimi ndiye niliyevunja.

Mtoto alikuwa akiwaita sungura kwa rangi zao, mwekundu, buluu, mwekundu, akipatia kila mmoja.

"Uliwaonea huruma wote kumi na watano," Joviana alisema. "Huyu wa kumi na sita alikuwa mapajani mwako, Mawe, mama yangu. Chupa mkononi."

"Nilimwogopea."

"Wale hukuwaogopea."

"Wale hawakuwa wangu."

Lilimtoka hivyo, na alipolisikia akajua kwamba ndilo jambo la kweli pekee alilolisema juma zima, na kwamba halimsaidii mtu yeyote. Huruma yake ilikuwa imewatosha wasio wake. Aliyekuwa wake alikuwa amepewa woga. Na kama woga ule ulimwokoa mtoto au ulimponza, hilo nalo halikuwa na shahidi.

Aliegemeza fagio ukutani. Akasema, kwa sauti ya chini, kwamba angependa kumchukua Kokubanza mchana ule, ampandishe mpaka kule juu penye nyasi ambako ziwa lote huonekana, amwonyeshe visiwa, amwonyeshe mbuzi wa Mzee Rugaibula, jioni amrudishe. Nusu siku tu. Asubuhi yote ikae kwa mama yake.

Joviana alikuwa ameshasimama. Alimwondoa mtoto kwenye wavu, akampangusa majani vidoleni, kimoja kimoja.

"Hapana, Mawe," alisema. "Leo simgawi."

Hakumbeba mgongoni. Alimpakata kifuani, uso kwa uso, akateremka naye kilima polepole akimsemesha, na mtoto akamshika mashavu kwa mikono miwili akimtazama. Theopista alisimama mlangoni pa banda mpaka walipopotea kwenye migomba. Alilia hapo, peke yake, kisha akaenda kukata majani, kwa kuwa sungura hawakuwa wamekula na ilikuwa imekaribia saa tano.